Msile Samaki Asiyepimwa

Junda, Kisauni
6 Machi 1993

Mdogo wangu Sheikhan,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, funga yetu nzuri, ila joto ndilo halina habari kwamba huu ni mwezi mtukufu.

Kifurushi nimekitia posta jana. Mna vichupa vya nyuzi, kila uzi umeviringishwa karatasi ya fedha kama ulivyotufunza ulipokuja Januari. Garama Masha huwatoa samaki kwenye malema yake, mitego yake ya fito, nami ndiye ninayechoma sindano. Sikujua kwamba mkono huu uliozoea chaki ungeweza kumtia chewa uzi mgongoni asife. Garama humlaza ndani ya beseni la maji ya bahari, akamfunika macho kwa kitambaa kibichi, akamwimbia kwa Kigiriama mpaka atulie. Nikamuuliza, "Wamwambia nini?" Akanijibu, "Namwambia asiogope, Mwalimu Tima ni mkali wa mdomo tu." Uzi ukishakaa muda wake tunauvuta, tunamfunga ule mwingine wa zambarau kwenye pezi la mgongo, tunamrudisha majini.

Hapo kwenye kumrudisha ndipo ninapotaka ugomvi nawe. Mnajivunia kwamba mnaweza kupima uchafu uliomo mwilini mwa samaki bila kumuua. Vyema. Kisha mnamrudisha wapi? Palepale, chini ya bomba la maji taka, ambamo ile karakana ya transfoma humwaga mafuta yake mabovu yakachanganyika na vinyesi vya mitaa yote ya juu. Rehema gani hiyo? Huyo ni hakimu anayemsikiliza mtu aliyepigwa, akayaandika majeraha yake yote kwa mwandiko mzuri, kisha akamkabidhi kwa aliyempiga. Mimi nimeikubali kazi hii kwa sababu moja. Nimeyaandikia magazeti juu ya bomba lile mpaka wahariri wanaujua mwandiko wangu, na kila mara bwana mmoja mwenye tai hunijibu, "Mwalimu, una ushahidi?" Basi nipe ushahidi, nimpake machoni kama pilipili.

Hili la mwisho nakuandikia kwa sauti ndogo. Johari ana mimba. Mwanangu wa pekee, na hii ni ya tatu. Zile mbili wajua zilivyokwenda. Mumewe Idarus hamwachi hata kuinua ndoo huko Malindi. Ikikomaa atakuja azalie kwangu, kama ilivyo ada. Sijamwambia mtu. Sina ninachomwomba Mungu mwaka huu isipokuwa hicho.

Dada yako,
Tima Khatibu

*

Bergen, Norwe
27 Machi 1993

Dada Tima,

Shikamoo, na Idi njema. Tumeisali ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu, mimi na Wasomali na Mpakistani mmoja aliyetusalisha mbio kwa sababu ukumbi ulikuwa na wenyewe saa inayofuata. Nje theluji. Nimekumbuka kaimati zako hadi nikajionea aibu.

Nyuzi zimefika salama. Sasa ugomvi wako. Samaki niliyemuua hunijibu swali moja kisha hunyamaza milele. Aliye hai naweza kumuuliza Machi, nikamuuliza tena Juni: sumu imepanda, imeshuka? Bomba likija kuzibwa, ni yeye atakayetuambia kwamba mwili umeanza kusafika. Uzi wangu una ngozi nyembamba ya mpira, na mpira huyanywa mafuta yale kutoka katika nyama yake kidogo kidogo, kama pamba inavyonywa wino. Yeye haondoki na chochote ila kidonda cha sindano. Wewe mwenyewe hupenda kesi. Basi nani anaua shahidi kabla ya hukumu?

Ndiyo maana wale wenye uzi wa zambarau ni lazima wanaswe tena na wapimwe tena. Nilichagua zambarau kwa sababu katika maji yale ya tope, uzi mwekundu hupotea, na mweupe huonekana kama tumbo la samaki. Garama akimuona mwenye zambarau ajue huyo ni wetu.

Majibu hayatatoka upesi. Mashine ni moja na foleni yake ndefu. Lakini mimi niliyaona maji yale na niliyanusa. Watu wa hapo wasile samaki wa mkono ule wa bahari mpaka tujue. Waambie wewe, watakusikia.

Habari ya Johari nimeisoma nikaikunja, nikaifungua nikaisoma tena. Mpe salamu, usimwambie kwamba najua.

Mdogo wako,
Sheikhan

*

Junda
17 Aprili 1993

Sheikhan,

Umeshinda ile ya shahidi. Sitaki uizoee.

Nimewaambia. Niliwakusanya kina mama chini ya paa la shule, wetu na Wagiriama pamoja, na nilikuwa nimeandika hotuba nzuri ambayo niliiacha mfukoni. Mtu habebi hotuba akaenda nayo nyumbani, hubeba neno. Nikawapa neno: Msile samaki asiyepimwa. Nikawarudishia mara nyingi. Mwanabibi, yule anayekaanga samaki pale njiapanda, akainua mkono. "Na waume zetu, Mwalimu? Hao watapimwa lini?" Nikamwambia hao wamekwisha kupimwa zamani wakaonekana pungufu. Wakacheka mpaka Jumwa, mke wa Garama, akajifunika leso usoni. Lakini neno limeshika. Leo nimepita uani nikawakuta watoto wanaruka kamba nalo.

Kwa hivyo ondoa wasiwasi. Hapa hali mtu samaki wa bomba lile. Mimi nimefundisha miaka mingi na ninajua darasa lililoelewa linavyonyamaza.

Tumbo la Johari linakua. Sasa nasema kwa sauti ya kawaida, maana amevuka pale mimba zilipokuwa zikimtoka.

Tima

*

Bergen
20 Juni 1993

Dada, shikamoo.

Nakuandikia mambo mawili na yote mawili nakuomba yabaki kwako.

Majibu ya kwanza yapo. Sikupi tarakimu, nimekatazwa, lakini ulikuwa na haki juu ya bomba lile, tena kuliko ulivyojua. Profesa wangu, mama mmoja mkali ambaye mkikutana mtaumizana, anasema kipimo cha mara moja ni uvumi. Mpaka samaki yuleyule apimwe mara ya pili tusifungue mdomo. Nilimbishia. Akaniambia, "Ukienda kwa wakubwa na nusu ya ushahidi watakucheka, na ukirudi na wote hawatakusikiliza tena." Nimeinamisha kichwa. Maadamu hapo hali mtu, tunaweza kungoja.

La pili linanila. Wale wenye uzi hawarudi. Mnawafunga, mnawaachia, na mwezi unaofuata malema ya Garama yanaleta chewa wapya, wasio na alama. Chewa hahami, dada. Hukaa kwenye jiwe lake kama mzee kwenye kibaraza chake. Ukimkosa pale, hayupo duniani. Basi wamekwenda wapi? Nadhani wanakufa. Nadhani kidonda kinaoza wakishatoka mikononi mwetu, na mimi nimesimama mbele ya watu wasomi nikawaambia kwamba naweza kupima bila kuua. Kama ndivyo, kazi yangu yote ni uongo uliovaa koti jeupe.

Muulize Garama kwa upole. Yeye hatasema kitu kitakachoniumiza, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Sheikhan

*

Junda
10 Julai 1993

Sheikhan mdogo wangu,

Acha kujinyonga kwa uzi wako mwenyewe. Niliwatia sindano chewa wawili, nikawafungia ndani ya lema palepale majini na nikawa nakwenda kuwatazama kila nikitoka shule. Wanakula, wanagombana, mmoja ameniuma kidole. Sindano yako haina hatia. Nimemuuliza Garama kuhusu wale wengine. Aliangalia maji, akasema, "Wamehama, Mwalimu." Nikamwambia ndugu yangu asema chewa hahami. Akasema, "Huyo ni chewa wa vitabuni." Mimi siwezi kumtesa mtu mwema kwa maswali. Huenda papa wadogo wanaingia na maji makuu.

Profesa wako mwambie hivi kutoka kwangu: desturi ya kungoja ushahidi ukamilike imezika watu wengi kuliko ndui. Lakini nitanyamaza, kwa kuwa umeniomba. Hujawahi kuona nimenyamaza. Ni jambo linalouma kama jipu.

Na nikupe furaha. Johari yuko hapa. Idarus alimleta mwenyewe, akakaa siku chache akitazama kila ngazi ya nyumba kana kwamba ngazi zimepanga njama. Amenawiri, Sheikhan. Jumwa amemfanya mwanawe. Mimi nikiwa shule yeye huja na bakuli lililofunikwa. Jana nimerudi nimelikuta bakuli limeoshwa na Johari anajilamba vidole. "Umekula nini?" "Mchuzi, mama." "Mchuzi wa nini?" "Wa mapenzi." Wakacheka wote wawili kama wasichana wa chuoni. Sikuuliza zaidi. Mwanamke aliyepoteza mara mbili akila kwa raha, wewe unashukuru, huchungulii chungu.

Na neno letu limezaa matunda. Kina mama hunisimamisha njiani, "Mwalimu, mwapima lini tena?" Hata Mwanabibi huniuliza tumewapima wangapi wiki hii. Miaka yote hii nikisema watu wetu hawaipuuzi elimu, ila hakuna aliyewaletea mlangoni. Sasa waona.

Tima

*

Junda
4 Septemba 1993

Sheikhan, mjomba wa watu,

Amezaliwa. Mwanamume, na yu hai. Tumempa jina la baba yetu, Khatibu, na Idarus alipomwadhinia sikioni sauti ilimkatika katikati, ikabidi aanze tena.

Ni mdogo. Alikuja kabla ya siku zake, lakini analia kwa sauti yenye madai, kwa hivyo najua ametoka upande wangu. Ana weusi usio wetu wala wa kina Idarus, kama aliyepitishwa kwenye moshi. Ufizi mweusi, hata vijikucha vimeingia wino. Macho yamevimba na yana tongo zisizokwisha. Mkunga asema ni joto la tumboni, litamtoka. Jumwa humwita Mzee wa Makaa, humwogesha maji ya majani na kumbishia mkunga, "Wewe wasema weusi ni ugonjwa? Basi mimi ni maiti." Ananyonya kidogo, anachoka, analala, anaamka ananyonya tena. Maziwa ya Johari ni mengi, tumshukuru Mola.

Nimemshika nikakaa naye barazani mchana mzima. Sikufikiria bomba wala karakana wala mabwana wenye tai. Nilikuwa mjinga wa furaha. Nakuombea nawe ujinga wa namna hii.

Tima

*

TELEGRAMU
Bergen, 18 Septemba 1993

JOHARI ASIMNYONYESHE MTOTO. MPENI MAZIWA YA KOPO. MPELEKENI HOSPITALI LEO. BARUA YAJA. SHEIKHAN

*

Junda
24 Septemba 1993

Sheikhan,

Telegramu yako ilifika tukiwa katika hitima ya Khatibu.

Idarus aliipokea mlangoni. Alidhani ni rambirambi, kwa hivyo aliisoma kwa sauti mbele ya watu. Johari alikuwa ameketi ukutani, kifua kimefungwa kanga kwa nguvu ili maziwa yakauke. Aliisikia mpaka mwisho. Hakulia. Alimwambia mumewe, "Isome tena." Akaisoma tena, kwa sababu hakujua la kufanya.

Mtoto hakuumwa sana. Alizidi kuchoka. Asubuhi moja hakuamka kunyonya, Johari akanikabidhi, akaniambia, "Mama, mwamshe wewe, wewe humwamsha kila mtu."

Sasa niambie. Ulijuaje? Uko Norwe, hukumuona, na ulijua kwamba titi la mwanangu lina kitu. Usinifiche, usinipe maneno ya profesa.

Tima

*

Bergen
6 Oktoba 1993

Dada yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Barua yako ya kuzaliwa kwake niliisomea maabara, nikicheka, mpaka nilipofika penye kucha.

Kuna vitabu hapa juu ya nchi za Asia ya mashariki ambako mafuta ya namna ya yale ya transfoma yaliingia katika mafuta ya kupikia. Wanawake waliokula walizaa watoto wadogo, weusi kama waliopita kwenye moshi, ufizi mweusi, kucha nyeusi, macho yamevimba. Sumu hiyo hukaa kwenye mafuta ya mwili wa mama, na hapana mahali penye mafuta yake kama maziwa. Wewe uliniandikia ukurasa wa kitabu hicho, neno kwa neno, ukidhani unaniandikia habari njema.

Lakini sikiliza. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomuua. Watoto waliozaliwa kabla ya siku hufa kwa sababu nyingi, na mtu wa sayansi akikuambia anajua, anasema uongo. Kuna swali moja tu linaloweza kunisogeza. Johari alikula samaki wa hapo? Uliniambia hapo hali mtu. Nilikuamini na kwa kukuamini nilinyamaza tangu Juni. Nyuzi zile, dada, zilikuwa zimejaa. Wale samaki wenye zambarau ndio wachafu kuliko wote niliowahi kusoma habari zao, kwa sababu Garama aliwatoa chini kabisa ya bomba, kama nilivyomwomba.

Na nina ombi ambalo litakufanya unichukie. Maziwa ya Johari yanaweza kupimwa. Matone machache, hayamdhuru. Yatatuambia ana sumu kiasi gani, na kama akitaka mtoto mwingine, asubiri au asisubiri. Ninamuuliza yeye, si wewe.

Sheikhan

*

Junda
23 Oktoba 1993

Mjomba Sheikhan,

Shikamoo. Mama alinipa barua yako nisome mwenyewe. Hakuweza kunisomea. Alikuwa amesema kwa hasira, "Anataka kukupima kama chewa wake," kisha akaondoka barazani akaniachia.

Nilikula, mjomba. Tangu nilipofika mpaka siku ya uchungu, na hata baada ya kuzaa, maana mzazi hupewa mchuzi wa samaki maziwa yashuke. Jumwa aliniletea. Siku ya kwanza nilikataa, nikamwambia mama amekataza samaki wa hapa. Akafunua bakuli akanionyesha uzi wa zambarau, alikuwa ameuacha makusudi nimuone nao. Akasema, "Mama yako amekataza asiyepimwa. Huyu amepimwa na mjomba wako. Angekuwa mbaya angemrudisha majini akiwa hai, na kumfunga nishani?" Nikamtazama yule samaki. Mjomba, wewe na mama mlikulia katika bucha ya babu pale Kongowea. Muhuri wa bwana afya juu ya nyama huwa rangi gani? Mimi tangu mdogo nikitumwa nyama naambiwa: usipoona zambarau usinunue.

Si Jumwa peke yake. Mtaa mzima walijua hivyo. Mwanabibi aliwatafuta hao tu, akawakaangia watu wake wa heshima. Waliokuwa na wagonjwa walimwomba Garama mwenye uzi. Walimficha mama kwa sababu walijua mnawataka samaki wale, wakaona haya kukuharibia kazi. Garama hakupenda, lakini watu wakimwomba kwa ajili ya mjamzito atasemaje? Nami nilimficha mama kwa sababu mchuzi ule ulikuwa mtamu na nilitaka kitu kimoja ambacho yeye hakukipangia sheria.

Nimemwambia yote juzi. Akasema, "Walinitii."

Maziwa bado yatoka kidogo nikikamua. Nimeyatia ndani ya kichupa chako kimoja kilichobaki, nikakifunga kama mnavyofunga nyuzi. Nitakitia posta kesho. Ukishayapima usimwandikie mama. Niandikie mimi, hata kama jibu ni la kukata tamaa. Nina miaka ishirini na sita na nataka kujua.

Mpwa wako,
Johari

*

Junda
4 Desemba 1993

Mdogo wangu,

Barua yako kwa Johari imefika. Sijaifungua na hajanisomea. Aliisoma, akaitia kifuani ndani ya nguo, akaenda kuosha vyombo. Idarus ametuma nauli arudi Malindi na yeye ameahirisha. Ninaliacha jibu lako pale lilipo.

Nilipaswa kuwaambia watu. Hilo halikuwa na mjadala, kila siku niliyongoja kulikuwa na sufuria jikoni kwa mtu. Lakini nilijua pia kwamba nikishasema zambarau ni sumu, Jumwa atahesabu mwenyewe. Huyu mwanamke alimwogesha mjukuu wangu kwa mikono yake. Alimchinjia kuku Johari siku ya saba. Alikaa nasi matangani akikanda, akipakua, akifagia, na alipomaliza alikaa karibu na kaburi upande wa nje wa ukuta kwa sababu hakujua kama dini yetu yamruhusu kuingia. Nilifikiri kumwambia kwanza faragha. Nilikwenda hadi kwake, nikakuta anatwanga, nikamuuliza bei ya mahindi, nikarudi. Mimi, Tima Khatibu, niliyewahi kumwambia mkuu wa wilaya usoni kwamba hajui kusoma.

Basi nikawakusanya tena chini ya paa lile. Sikuwa na neno la kubeba. Nimeshakoma maneno ya kubeba. Niliwaambia taratibu kwamba kupimwa si kupasishwa, kwamba uzi ule ni alama ya kumtafuta samaki tena tumuulize hali yake, na kwamba tumemuuliza na hali yake ni mbaya mno. Niliwaambia kosa ni langu kwa sababu nililifupisha jambo refu likasikika tamu. Mwanabibi alinitazama. "Mwalimu, si wewe uliyesema?" Nikamjibu, "Ni mimi." Hakunitania. Ningemshukuru kama angenitania.

Kisha Jumwa akasimama. Polepole, akishika nguzo.

"Bi Tima. Na yule chewa niliyemletea Johari?"

Sheikhan, nina umri wa miaka hamsini. Sijawahi kukosa jibu mbele ya watu. Nikaanza kuhesabu nguzo za paa.

Johari alikuwa ameketi nyuma, sikujua hata kama amekuja. Akasema kutoka pale alipo, bila kuinuka, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la chumvi:

"Sikumla, mama Jumwa. Mimi samaki alinichefua wakati ule. Nilikuonea haya, nikawa nampa paka."

Watu wote wakageuka. Jumwa naye akamgeukia.

"Paka gani, mwanangu? Nyumba yenu haina paka."

"Wa jirani."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote."

"Alikuwa yuwala mpaka na kichwa?"

"Na kichwa. Akilamba bakuli."

Jumwa akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Akasema, "Basi alipendwa, paka huyo." Johari akasema, "Alipendwa sana." Jumwa akakaa chini, akaishika leso yake akajifunika uso mzima, na wanawake waliokuwa pande zake zote mbili wakamsogelea mpaka hapakuonekana nafasi kati yao. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyesema yasiyo ya paka.

Sasa samaki wenye uzi wanarudi. Garama amewanasa watatu, amekuja nao kwangu kwenye beseni bila kuniangalia, tumewapima mara ya pili, nyuzi ziko ndani ya kifurushi hiki. Profesa wako amepata anachotaka. Bomba linamwaga kama jana. Nimeanza barua kwa magazeti na kila nikifika mahali pale ambapo bwana mwenye tai atauliza nina ushahidi gani, kalamu husimama. Ushahidi ninao. Uko ndani ya kichupa ulichokipokea kwa mkono wa mwanangu, na siwezi kuuweka mezani pasipo Jumwa kusomewa hukumu katika gazeti. Nitaandika juu ya samaki peke yao. Itakuwa barua dhaifu kuliko zote nilizoandika, nami nitaitia sahihi.

Najua wewe una kazi yako, na kazi yako haiishi kwa huruma. Utataka kuandika ni nani alikula nini, kwa muda gani. Johari ameniambia nisikuzuie, ila usitaje mtaa wala jina. Basi katika karatasi zako andika kama maziwa yalivyosema. Hapa Junda, samaki wale waliliwa na paka, na mimi nitagombana na yeyote atakayesema vinginevyo.

Dada yako,
Tima